Mzinga Aliouacha Mkwe

Mtaani walimwita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ni kweli alikuwa fundi wa nguo, na mkasi wake mrefu ulining'inia shingoni kwa utepe mweusi tangu anapofungua madirisha asubuhi mpaka anapoyafunga. Lakini ulimi wake nao ulikata. Mteja akiuliza gauni litakuwa tayari lini, alijibiwa, "Likiisha." Akiuliza litaisha lini, alijibiwa, "Ukiacha kuniuliza." Hata hivyo watu walirudi, kwa sababu nguo zake zilikaa mwilini, na kwa sababu waliomzoea walijua kwamba ukali wake ni wa watu anaowapenda. Asiyempenda alimsalimia kwa adabu zote.

Mtu aliyeambiwa maneno makali kuliko wote nyumbani mle alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Waliishi pamoja miaka mingi, wakigombana kuhusu chumvi, kuhusu madirisha, kuhusu nani aliyekunywa chai ya mwisho kwenye chupa. Mkwe alikuwa mtu wa maabara hospitalini, kazi ya kuinamia darubini kutwa, na akirudi alitaka kitu cha kushika kwa mikono. Ndiyo maana mwaka mmoja alileta mzinga wa nyuki, masanduku mawili ya mbao yaliyopandana, akauweka mwisho wa ua, chini ya mlimau.

"Nyumba haijatosha wasumbufu?" Mama Mkasi aliuliza siku ile.

"Hawa watakuwa wanatoka kutwa nzima, Mama. Kuna wengine hawatoki kabisa."

Mama Mkasi alicheka mpaka akajichoma sindano.

Halafu ndoa ikavunjika. Haikuvunjika kwa kishindo. Mwanawe, ambaye tangu anatambaa aliitwa Bosi kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha watu wazima kwa kidole, na mkewe walipunguza maneno kidogo kidogo, mpaka nyumbani yakabaki yale ya "umefunga geti?" na "gesi imeisha". Hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyemfumania mwenzake. Waliishiwa tu. Mkwe akafungasha nguo, vitabu na feni yake, akapanga chumba ghorofani upande wa pili wa mji. Mzinga hakuweza kuuchukua. Baridi ilikuwa imeshika, nyuki wamejikusanya ndani kujipasha joto, na huko ghorofani hapakuwa na ua.

"Nikipata mahali penye uwanja, na baridi ikiisha, nitakuja kuwachukua," alimwambia Mama Mkasi getini. "Usiufungue kabla ya hapo. Uinue kidogo tu kwa nyuma, usikie uzito. Ukiwa mwepesi, wana njaa, unipigie."

Basi baridi nzima Mama Mkasi akawa na kazi mpya. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, alivaa koti la zamani la marehemu mumewe, akapita nyuma ya mzinga, akauinua upande mmoja kwa kiganja, akaushusha taratibu. Bado mzito. Hapo angesimama kidogo, sikio karibu na ubao, akisikiliza mvumo wa chini uliotoka ndani. Akirudi ndani alikuwa na jambo la kusema, ila hakuwa na wa kumwambia. Bosi angekunywa chai huku anasoma simu. Angemwambia nini? Kwamba nyuki wa yule mwanamke bado wazima?

Hata la kumwita hakujua. Lugha ina mkwe, ina wifi, ina shemeji na shangazi, lakini mtu aliyekuwa mkwe wako na sasa siye hajapewa jina. Kichwani mwake aliendelea kumwita Mkwe. Mdomoni alijizuia.

Baridi ikaanza kukata. Mlimau ukatoa vichipukizi vyekundu, halafu maua, na asubuhi moja jua lilipofika ukutani Mama Mkasi akaona kutoka dirisha la chumba cha kushonea nyuki wakitoka nje kwa wingi. Walikuwa wanasafisha nyumba. Wawili wawili walibeba wenzao waliokufa kwenye baridi, wakawatupa chini mbele ya mlango wao, wakarudi kuchukua wengine. Kesho yake wakaanza kurudi na chavua miguuni, vitone vya njano iliyoiva na vingine vya rangi ya chungwa. Aliacha mguu juu ya kanyagio la cherehani akatazama mpaka chai ikapoa.

Alifurahi, na hapo hapo furaha ikamchoma. Baridi imeisha. Sasa atakuja.

Tangu siku hiyo kila geti lililolia, la kwake au la jirani, lilimsimamisha. Alibadilisha kitenge cha mezani. Alisuka nywele. Alipika zaidi ya chakula cha watu wawili akasema amekosea kipimo. Juma likapita, likapita lingine. Mkwe hakuja wala hakupiga simu.

Aliyezungumza ni Bosi, jioni moja wakiwa mezani.

"Mama, ule mzinga."

"Una nini?"

"Mwezi ujao wazazi wa mchumba wangu wanakuja kutusalimia. Nataka tukae uani, ndani kutakuwa na joto. Na mchumba mwenyewe akidungwa na nyuki anavimba uso mzima. Mpigie mwenye mzinga aje auchukue."

Mama Mkasi alitafuna polepole. Mchumba mpya alikuwa msichana mwema, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikuja na salamu za kutosha na uzi wa rangi inayotakiwa bila kutumwa, na aliosha vikombe bila kuvigonganisha. Hata kumchukia haikuwezekana.

"Kwa nini usimpigie wewe?"

"Mama."

"Haya. Lakini nyuki hawahamishwi wakiwa na watoto."

"Nani kasema?"

"Wenyewe."

Bosi alimtazama, akaona si ugomvi wa kushinda, akarudi kwenye sahani yake.

Ulikuwa uongo mtupu. Alichokijua Mama Mkasi kuhusu watoto wa nyuki kingeenea kwenye tundu la sindano. Usiku ule na siku zilizofuata alishika simu, akalitafuta jina, akalitazama, akaizima. Hesabu yake ilikuwa fupi. Akipiga, Mkwe atakuja na gari. Ataufunga mzinga kwa kamba, ataupakia, atasema asante Mama. Halafu nini? Kitakachomrudisha tena kwenye geti lile ni kitu gani? Hakuna mtoto, hakuna kabati, hakuna hata mwavuli uliosahaulika. Wamebaki nyuki.

Kwa hiyo hakupiga, na nyuki hawakumngoja. Kila siku mzinga ulijaa zaidi. Alasiri waliomba nafasi waziwazi: walitoka wakaning'inia mbele ya sanduku lao, fungu zito la kahawia likishuka kutoka mlangoni, wakikaa tu bila kazi. Mama Mkasi alikumbuka kwamba majira kama haya Mkwe alikuwa akitoa sanduku tupu stoo na kulipandisha juu ya yale mawili. "Nawaongezea chumba," alikuwa akisema. Sanduku bado lilikuwepo stoo, na fremu zake za kujengea masega ndani.

Alipiga moyo konde. Alichukua suruali ya zamani ya Bosi, shuka jeupe lisilo na mwenzake na pazia la wavu, akajishonea vazi. Alilishona kuliko anavyomshonea mteja yeyote: mishono miwili kila mahali, mpira kwenye vifundo vya mikono na miguu, wavu umezungushwa kwenye kofia ya ukili na kushonewa kwenye kola pasipo hata upenyo wa sisimizi. Alipotoka nalo uani, jirani yake alikuwa anamwagilia maua upande wa pili wa ukuta. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa, mjane, na watu walimwita Breki.

"Mama Mkasi! Unakwenda mwezini?"

"Nakwenda kukutafutia akili. Funga madirisha yako."

Aliwasha vipande vya gunia kavu ndani ya kopo la moshi la Mkwe lenye mvukuto, akapuliza mlangoni mara mbili tatu kama alivyokuwa akimwona Mkwe anafanya, akabandua mfuniko. Ulilia kwa kuachana na nta. Harufu iliyompanda usoni, ya asali na mbao zenye joto, ilikuwa ileile ya nywele za Mkwe Jumapili alasiri, na ilibidi asimame kwanza akiwa na mfuniko mkononi.

Alitoa fremu moja. Ilikuwa nzito, imefunikwa na nyuki waliotembea juu ya wenzao bila haraka. Chini yao aliona vyumba vilivyozibwa na vingine vyenye mabuu meupe yaliyojikunja. Na kwenye ukingo wa chini wa sega, vimening'inia vitu alivyokuwa hajawahi kuviona, virefu, vyenye makunyanzi, mfano wa karanga ambazo hazijamenywa. Alivihesabu vitatu, fremu iliyofuata akavikuta vingine. Ugonjwa? Uyoga? Wa kumwuliza alikuwa mmoja tu duniani. Alizirudisha fremu taratibu, akapandisha sanduku tupu juu, akafunika. Hakudungwa hata mara moja. Siku zilizofuata alitembea kifua mbele, akamwambia Bosi kwamba nyuki wametulia kabisa.

Asichokijua ni kwamba amechelewa. Zile karanga zilikuwa vyumba vya kulelea malkia. Nyuki wakishavijenga, wameshaamua: nyumba imejaa, malkia mzee ataondoka na nusu ya watu wake, na binti atabaki na nyumba. Sanduku la juu halikuwabadilisha nia.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, anakata kola ya sare, alipousikia mvumo. Ulikuwa mkubwa, ukamfanya adhani kuna lori limesimama uani. Alipotazama dirishani, nyuki walikuwa wanamwagika kutoka mlangoni mwao bila kukoma, wakipanda, wakizunguka, mpaka hewa juu ya ua wote ikawa inachemka. Mlimau haukuonekana. Halafu wingu lote likajivuta upande mmoja, likapita juu ya ukuta, likatoweka.

Mama Mkasi alibaki na mkasi wazi mkononi. Alichoweza kufikiri ni kwamba wamekwenda, na kwamba atamwambia nini mwenyewe.

Simu ikalia. Alikuwa Breki, na alinong'ona.

"Mama Mkasi. Nyuki wako wamenikamata."

"Uko wapi?"

"Ndani ya gari langu. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Wamekaa wote kwenye kioo cha pembeni, upande wangu. Mama Mkasi, wananitazama."

Akakata simu ile, na bila kufikiri, bila kujipa muda wa kuogopa, akabonyeza jina alilokuwa akilitazama wiki zote zile. Haikulia hata mara mbili.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

Sauti yenyewe.

"Siumwi. Nyuki wametoka."

"Wote?"

"Wengi. Mpaka jua likazibwa."

"Wametua wapi?"

"Kwenye kioo cha gari la Breki. Na Breki yumo ndani."

Mkwe akacheka. Kile kicheko chake cha kupanda, kinachoanzia puani. Mama Mkasi aliibana simu sikioni kwa mikono miwili asikipoteze hata kidogo.

"Mwambie azime redio na asifungue dirisha la upande ule," Mkwe akasema. "Hawana shida naye, wanapumzika tu. Naomba ruhusa kazini, nakuja."

Alikuja. Amepungua, na nywele amekata zikabaki fupi kichwani. Geti lilikuwa wazi lakini alisimama nje yake kitambo, mkono juu ya komeo, kama mtu anayesikiliza kama kuna mbwa. Halafu akaingia, akamwona Mama Mkasi amesimama katikati ya ua ndani ya vazi lake jeupe.

"Nani kakushonea hiyo?"

"Fundi mmoja hivi. Ana mdomo mrefu."

"Namjua," Mkwe akasema, na hawakukumbatiana, kwa sababu mmoja alikuwa na wavu usoni na mwingine alikuwa tayari anaelekea stoo kutafuta sanduku jingine tupu.

Kazi ilikwenda vizuri. Walimtoa Breki kwa mlango wa pili wa gari, akatoka amejikunja, akajifungia kwake na kuangalia dirishani. Mkwe aliwanyunyizia nyuki maji kidogo, akaweka sanduku chini ya kioo na kutandika shuka, akawateremsha kwa brashi laini ya kufagilia meza, konzi baada ya konzi. Walianguka kwa uzito wa nafaka. Mama Mkasi alishika sanduku. Mwanzo nyuki walitawanyika, wengine wakarudi kwenye kioo, ikawa ni kuanza upya. Mara Mkwe akamgusa kiwiko.

"Angalia. Malkia ameingia."

Mlangoni mwa sanduku nyuki kadhaa walikuwa wamegeuka, mikia juu, wanapiga mabawa papo hapo. "Wanawaita wenzao kwa harufu," Mkwe akasema. Na kweli, waliokuwa kwenye kioo, kwenye mlango, kwenye tairi, wakaanza kutembea, kwa miguu, wote wakielekea ndani.

Waliosalia nje wangeingia jua likishuka, na kabla ya hapo sanduku halikuweza kuondolewa. Kwa hiyo kulikuwa na alasiri nzima. Mkwe aliitumia kwanza kuufungua mzinga wa zamani. Aliinua fremu, akaiona safu ya karanga, akamgeukia Mama Mkasi.

"Hivi uliviona?"

"Niliviona."

"Mbona hukunipigia?"

Mama Mkasi alivua kofia yake. Nyuki mmoja alikuwa akitembea juu ya wavu, naye akamtazama huyo huyo.

"Ungekuja kuuchukua."

"Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Ndivyo. Ungeuchukua. Halafu?"

Mkwe alivibandua vyumba vya malkia kwa ncha ya kisu, akaacha viwili vilivyonyooka, akafunga mzinga. Mama Mkasi alikwenda jikoni kuchemsha chai. Akamwita aingie, Mkwe akakaa kwenye ngazi ya nje ya mlango wa jikoni, mgongo ukiegemea fremu ya mlango, miguu uani. Basi chai ikanywewa pale, mmoja ndani ya kizingiti na mmoja nje.

"Uwanja nilishapata zamani, Mama," Mkwe akasema akiwa ameinamia kikombe. "Bado kulikuwa na baridi."

"Sasa mbona hukuja?"

"Nilikuja. Si mara moja. Nafika pale konani, naona dirisha lako lina taa, nageuza."

"Nani alikukataza kuingia?"

"Hakuna. Ningeingia ningetaka kubaki. Na si kwa ajili yake, yeye tumeshamalizana, sina kinyongo naye. Ni hapa. Nikiisikia cherehani tu, mikono inataka kuweka maji ya chai jikoni. Halafu nakumbuka si kwangu tena. Hata leo nilisimama kwanza pale getini."

Jibu lilimfika Mama Mkasi mpaka kwenye meno. *Ni kwako.* Alilitamani kulisema kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote cha kuliwa au kuvaliwa. Lakini alimfikiria yule msichana mwema anayeosha vikombe bila kuvigonganisha, ambaye baada ya miezi michache jiko lile litakuwa lake, akaona neno lile si lake kuligawa. Alilimeza. Lilishuka vibaya.

"Chai ina sukari?" akauliza.

"Nyingi mno. Kama kawaida yako."

"Asiyetaka asinywe."

Na Mkwe akatabasamu, lakini macho yalikuwa yamelowa, akayapangusa kwa mkono wa vazi lake la nyuki lenye nta.

Bosi alirudi wakati wanafunga sanduku kwa kamba. Alisimama na mkoba wake begani.

"Hujambo."

"Sijambo. Za kazi?"

"Nzuri."

Hawakuwa na zaidi. Lakini aliuweka mkoba chini, akashika upande mmoja wa sanduku, akasaidia kulipeleka mpaka kwenye gari la Mkwe, hatua kwa hatua, wakielekezana kwa "polepole" na "kushoto kidogo", na Mama Mkasi aliyekuwa nyuma yao hakuweza kuwatazama.

"Na ule mwingine?" Bosi akauliza.

"Nimempa Mama. Hawana shida. Wawekeeni ukuta wa mabua mbele ya mlango wao, urefu wa mtu. Watakuwa wanaruka juu, wageni hawatadungwa."

Bosi alitaka kusema kitu, akamtazama mama yake, akasema, "Sawa."

Mkwe akaingia garini. Dirishani alimpa Mama Mkasi maagizo ya mwisho. Asiufungue mzinga mpaka mwezi uishe. Malkia mpya angezaliwa, angeruka nje kukutana na madume huko juu, angerudi na kuanza kutaga.

"Asiporudi?"

"Inatokea. Anaweza kuliwa na ndege. Ndiyo maana utaangalia mayai. Ukiyaona, amerudi."

Gari likaondoka taratibu kwa ajili ya abiria wake. Mama Mkasi alirudi uani akafagia nyuki waliokufa, akaosha vikombe viwili, akakaa kwenye ngazi pale pale mpaka ubaridi wa saruji ukamwinua.

Alingoja. Bosi alijenga ukuta wa mabua kwa mikono yake, ukakaa upande kidogo. Wageni walikuja, wakala, wakacheka, wakaondoka bila kudungwa, na mchumba alichungulia juu ya mabua kutoka mbali akisema "wana bidii, maskini." Mama Mkasi aliwashonea mama na binti vitambaa vya kichwa na akawa mpole siku nzima. Lakini asubuhi zake zilikuwa za dirishani. Alitazama kama chavua inaingia. Iliingia kidogo. Siku nyingine hakuona hata kitone, na siku hizo alipindisha mishono.

Mwezi ulipoisha alivaa vazi lake, akawasha moshi. Macho yake hayakuwa ya kuona mayai ya nyuki. Alichukua lenzi yake ya kuangalia nyuzi za vitambaa, akaisogeza kwenye sega, jua likimpiga begani. Vyumba vitupu, kimoja, kingine. Halafu, chini kabisa ya kimoja, kijiti cheupe kimesimama wima, chembamba kuliko uzi. Na kingine chumba cha pili. Na kote pembeni yake.

Akapiga picha bila kuvua glavu, akaituma. Simu ikalia papo hapo.

"Mama, umenitumia picha ya kidole gumba."

"Nyuma ya kidole."

"Nyuma ya kidole sioni kitu."

"Basi niamini. Amerudi."

"Nakuamini," Mkwe akasema. Kisha: "Wangu wameshajaza sanduku. Siku moja uje uwaone."

Hakusema siku gani. Mama Mkasi alingoja aitaje, haikutajwa, akaona akikaa kungoja atazeekea dirishani. Jumapili iliyofuata alimwamuru Breki atoe gari.

Kwa Mkwe, kule alikopata uwanja, palikuwa na nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, na ua wa nyasi fupi. Breki aliegesha kivulini akalaza kiti. Mkwe alifungua mlango na kitambaa cha vyombo begani, akashtuka, akafurahi, vyote kwa pamoja, akaanza kuondoa magazeti kwenye kiti. Pale mlangoni Mama Mkasi aliinama kuvua viatu vyake, na hapo akaviona vingine. Viatu vya kiume, vikubwa, vimepigwa rangi, vimepangwa sambamba na vya Mkwe.

Alivipanga vyake kando ya hivyo. Akaingia, akakaa pale alipoonyeshwa. Aliletewa kikombe chenye kisahani. Aliletewa mto wa mgongoni. Huyu huyu aliyekuwa akimwambia "chai iko kwenye chupa, mikono unayo" sasa alimuuliza kama sukari inatosha, na Mama Mkasi akasema inatosha sana, ahsante. Kikombe kilikuwa kizuri, na mkononi kilimwelemea.

"Mama," Mkwe akasema. "Umeviona viatu."

"Sijauliza."

"Najua. Ndiyo maana nataka kukwambia mwenyewe. Ni mtu wa…"

"Usiniambie leo." Mama Mkasi aliweka kikombe chini. "Utaniambia nikija tena."

Mkwe alimtazama. Alichukua muda kulielewa, na alipolielewa alishika kitambaa cha vyombo akakikunja mara nne bila haja yoyote.

"Haya," akasema. "Ukija tena."

Wakatoka kwenda kuwaona nyuki. Mkwe alifungua sanduku, akainua fremu ya katikati, nzito, nyeupe kwa nta mpya, na mkono mmoja ukamshinda.

"Shika hapa basi, Mama, umesimama tu."

Mama Mkasi akashika. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya sega, na chini yao nyuki wakaendelea na kazi.

Wakati wa kurudi Breki aliendesha mpaka barabara kubwa kabla hajauliza.

"Wazima?"

"Wazima."

"Na mwenyewe?"

"Mzima. Ana rangi nzuri." Alikuwa amegeuka kitini mwili mzima, mkanda ukimkata shingo, akitazama nyuma kupitia kioo cha nyuma cha gari. Mkwe bado alikuwa amesimama barabarani na vazi lake la nyuki, mkono juu, mdogo, mdogo zaidi. "Punguza mwendo," Mama Mkasi akasema.

Breki akapunguza.